Cheti Halali, Mshahara Pungufu: Uchambuzi wa Kisa cha Gharama za Mafunzo Katika Migahawa

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinachochambuliwa hapa kilitokea katika kampuni ya migahawa yenye matawi matatu na wafanyakazi thelathini na mmoja walioajiriwa moja kwa moja. Nchi, mji, majina ya wahusika na viwango halisi vya fedha vimeondolewa. Ili msomaji aweze kufuata hesabu bila kujua sarafu, kima cha chini cha mshahara wa saa moja kilichowekwa na sheria ya mahali hapo kimepewa thamani ya vizio 100, na malipo mengine yote yamegeuzwa kwa uwiano huo huo. Saa za kazi, nyuzi za joto na mfuatano wa matukio vimeachwa kama vilivyokuwa.

Nimekichagua kwa sababu hakina mwajiri katili. Mmiliki alilipa zaidi ya kima cha chini, mikataba yake ilikuwa ya maandishi, na kila hati aliyoombwa aliitoa siku hiyo hiyo. Hata hivyo wafanyakazi wake wapya walikuwa wakipokea, kwa saa waliyofanya kazi, chini ya robo tatu ya kile ambacho sheria iliamuru, na jiko lake lilikuwa na vyeti vingi kuliko ujuzi. Mambo hayo mawili yalikuwa na chanzo kimoja, na ndicho kinachoelezwa hapa.

Mazingira

Sheria ya mahali hapo ilikuwa na matakwa mawili yaliyotungwa kwa nyakati tofauti na kusimamiwa na mamlaka tofauti. La kwanza lilikuwa kima cha chini cha mshahara kwa kila saa ya kazi, ambalo lilikuwa chini ya wakaguzi wa kazi. La pili lilimtaka kila mtu anayeshika chakula, vyombo au sehemu zinazogusana na chakula awe na cheti cha usalama wa chakula ndani ya siku 30 tangu kuajiriwa, baada ya kusoma kozi fupi na kufaulu mtihani kwa asilimia 70. Hilo lilikuwa chini ya wakaguzi wa afya. Kanuni ya vyeti haikusema nani agharimie kozi wala kama muda wa kuisoma ni muda wa kazi.

Katika kampuni, mhasibu ndiye aliyeshughulikia mishahara, naye meneja wa uendeshaji akashughulikia vyeti, sare na orodha za zamu. Mhasibu alipokea idadi ya saa kutoka kwenye mashine ya kusajili saa na orodha ya makato kutoka kwa meneja, akazijumlisha, akalipa. Meneja hakuona hati za malipo. Hakuna aliyeficha kitu. Ni kwamba hapakuwa na siku ambayo watu hao wawili walilazimika kuangalia karatasi moja.

Utaratibu wa kuajiri ulikuwa hivi. Mwombaji aliitwa kwa zamu mbili za kutazamwa, za saa sita kila moja, bila malipo, na katika zamu hizo alikata mboga, akaosha vyombo na kubeba sahani kama wengine. Akikubalika, alisaini mkataba wa vizio 104 kwa saa, akapewa mashati mawili, aproni na viatu visivyoteleza, vyote kwa vizio 450 vilivyokatwa kwenye malipo ya kwanza. Kisha alielekezwa kusoma kozi nyumbani kwa simu yake. Ada ya kozi na mtihani ilikuwa vizio 300, nayo pia ilikatwa. Aliyeshindwa alilipa 150 kurudia. Kozi na mtihani vilichukua saa sita hivi kwa mtu anayesoma bila shida, na si wote waliosoma bila shida, maana kozi ilitolewa kwa lugha moja tu ambayo kwa sehemu kubwa ya watu wa jikoni ilikuwa lugha ya pili au ya tatu.

Kulikuwa pia na kile walichokiita robo ya maandalizi. Kila mfanyakazi alitakiwa kufika dakika 15 kabla ya zamu, abadili nguo, anawe mikono kwa utaratibu uliobandikwa ukutani, asikilize msimamizi akigawa sehemu za kazi. Mashine ya kusajili saa ilikuwa karibu na kaunta, na watu waliruhusiwa kuigusa zamu ilipoanza, si kabla.

Mfuatano wa matukio

Mkaguzi wa afya alifika tawi la pili kwa ukaguzi wa kawaida, muda mfupi baada ya pilikapilika za mchana. Aliomba daftari la joto la kabati la kutunzia chakula moto. Safu ya siku hiyo ilikuwa na namba 63 katika kila saa, na siku zilizotangulia zilikuwa vivyo hivyo, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, hata katika saa ambazo mwenye mwandiko huo hakuwa zamu. Mkaguzi alichomeka kipimajoto chake katikati ya sufuria na kusoma nyuzi 51.

Kisha aliomba kipimajoto cha jiko. Alikitumbukiza ndani ya bilauri ya barafu iliyopondwa na maji kidogo, akangoja. Kikasimama kwenye nyuzi 4 badala ya 0. Kwa hiyo hata kama mtu angepima kwa uaminifu na kuandika 63, chakula kingekuwa na nyuzi 59, yaani kimeshashuka ndani ya eneo la hatari, ambamo vijidudu huzaliana haraka na ambalo kwa mafundisho ya Shirika la Afya Duniani ni kati ya nyuzi 5 na 60. Mkaguzi alimgeukia msaidizi wa jikoni, ambaye cheti chake kilikuwa kimebandikwa ukutani, akamwomba arekebishe kipimajoto hicho. Jibu lake limeandikwa katika ripoti: “Samahani afisa, hicho huwa anakishika msimamizi peke yake.”

Hakuna aliyeugua kwa kadiri ilivyojulikana. Chakula kilimwagwa, tawi likapewa onyo na siku za kurekebisha.

Meneja alipopitia vyeti ili ajibu ripoti, aligundua jambo lililomshtua zaidi ya kabati. Vyeti saba vilikuwa vimetolewa usiku mmoja, kutoka kwenye kifaa kimoja, kila kimoja muda mfupi baada ya kingine. Mfanyakazi mmoja kijana, msomaji mzuri, alikuwa amewafanyia wenzake mtihani, nao wakamlipa kwa kumshikia zamu za mwisho wa wiki.

Mmiliki aliamua kuwafukuza wote wanane. Kabla barua hazijatoka alikubali kuwaita washauri wawili, mmoja wa masuala ya ajira na mwingine wa usalama wa chakula. Walimwomba jambo moja: asisaini chochote mpaka kila aliyehusika asikilizwe faraghani, kwa ahadi ya maandishi kwamba maelezo yake hayatatumiwa kumwadhibu.

Maelezo yalifanana kana kwamba yamepangwa. Wote walisema hawakuwa na hofu ya mtihani wenyewe. Walihofia kushindwa na kukatwa tena 150 katika mwezi ambao tayari walikuwa wamefanya zamu mbili bure na kukatwa 750. Wawili walisema walijaribu kusoma kozi usiku baada ya zamu wakashikwa na usingizi mbele ya simu. Mmoja alieleza kuwa alifika swali la tatu akaona haelewi maneno, akafunga. Yule kijana alisema hakuona kama anadanganya jiko, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza mtu jikoni jambo lililomo kwenye kozi.

Hesabu ya kipindi cha kwanza cha malipo

Hapo mshauri wa ajira akamwita mhasibu na meneja meza moja, akachukua hati ya malipo ya wiki mbili za kwanza ya mfanyakazi mmoja mpya, na kuijenga upya.

Saa zilizolipwa zilikuwa 72, yaani zamu kumi na mbili za saa sita. Kwa vizio 104 kwa saa, jumla ni 7,488. Yakitolewa makato ya kozi 300 na ya sare 450, mkononi zilibaki 6,738. Kwa mhasibu hesabu ilikuwa safi: saa zililipwa juu ya kima cha chini, na kila kato lilikuwa na saini ya mfanyakazi.

Lakini saa zilizofanywa hazikuwa 72. Kulikuwa na saa 12 za kutazamwa, saa 6 za kozi na mtihani, na robo kumi na mbili za maandalizi zinazofanya saa 3. Jumla ni saa 93. Vizio 6,738 vikigawanywa kwa saa 93 vinatoa 72 na nusu hivi kwa saa. Kima cha chini kwa saa hizo kingekuwa 9,300. Pungufu ni 2,562.

Jambo ambalo hakuna aliyelitarajia lilitokea walipohesabu wafanyakazi wa zamani, ambao hawakukatwa kitu wala hawakuwa na kozi. Zamu ya saa sita ililipwa 624, lakini pamoja na robo ya maandalizi mfanyakazi alikuwa kazini kwa saa 6 na dakika 15. Ukigawanya 624 kwa 6.25 unapata 99.84. Ile nyongeza ya vizio vinne ambayo mmiliki alijivunia katika matangazo yake ya kazi ilikuwa imeliwa yote na dakika kumi na tano, na kubaki na pungufu ndogo ambayo kwa mtu mmoja kwa siku moja haionekani, lakini kwa wafanyakazi wote ilimaanisha kwamba kampuni nzima ilikuwa ikilipa chini ya kima cha sheria kila siku ilipofungua milango.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutomfukuza yeyote kwa sababu ya vyeti. Washauri walieleza kwamba watu wanane wapya wangepitia utaratibu ule ule na kufikia njia ile ile ya kukwepa, na kwamba mtu aliyesema ukweli akiadhibiwa, daftari la joto litaendelea kuandikwa 63 kwa miaka. Vyeti vilivyotiliwa shaka vilirudishwa kwa mamlaka kwa barua ya kampuni yenyewe, na wenye vyeti hivyo wakahamishiwa kwa muda kwenye kazi zisizogusa chakula huku mshahara wao ukibaki palepale.

Uamuzi wa pili ulihusu malimbikizo, na hapa mabishano yalikuwa marefu. Mhasibu alitaka tofauti ihesabiwe hadi vizio 100, kwa kuwa ndicho kiwango ambacho mkaguzi wa kazi angedai. Mshauri wa ajira alitaka saa zote zilipwe 104, kwa kuwa mkataba haukusema kwamba kuna saa za aina mbili. Kwa mfanyakazi wa mfano wetu tofauti ilikuwa kati ya 2,562 na 2,934, yaani vizio 372. Mmiliki alichagua 104 pamoja na kurudisha makato yote. Sababu aliyoitoa haikuwa ya kisheria: alisema hawezi kusimama mbele ya watu kukiri kwamba aliwapunja, kisha awaambie kwamba anarudisha sehemu tu.

Tatu, mafunzo yaliingizwa ndani ya zamu. Kila mfanyakazi alipangiwa saa nne za kulipwa katika saa tulivu za alasiri, mbili za kusoma na kufanya mtihani kwenye kifaa cha kampuni, na mbili za vitendo mbele ya meza yake mwenyewe ya kazi akiwa na mpishi mkuu. Ada, pamoja na ya kurudia, ilikuwa ya kampuni. Zamu za kutazamwa zilibaki, lakini zikawa kazi ya kulipwa, na kwa sababu hiyo meneja mwenyewe akazipunguza kutoka mbili hadi moja fupi. Yaliyokuwa hayagharimu kitu hayakuwahi kupimwa kama yanahitajika.

Nne, mashine ya kusajili saa ilihamishwa kutoka kaunta hadi mlango wa nyuma. Uamuzi huu uligharimu skrubu nne na mchana mmoja wa fundi.

Tano, mmiliki alianzisha daraja jipya la vizio 112 kwa wenye ujuzi. Washauri walipendekeza daraja hilo litolewe kwa anayeweza kuonyesha kazi kwa vitendo: kurekebisha kipimajoto, kupooza sufuria kubwa kwa haraka, kutenganisha mbichi na kilichoiva wakati wa msongamano. Mmiliki aliona upimaji huo utazua upendeleo na manung’uniko, akachagua kigezo kilicho wazi zaidi, ambacho ni cheti cha ngazi ya pili.

Sita, naye mhasibu akapendekeza, na ikakubaliwa bila washauri kuulizwa, kwamba kila mfanyakazi mpya asaini ahadi ya kurudisha gharama za mafunzo akiondoka kabla ya miezi sita.

Matokeo

Malimbikizo ya wafanyakazi waliokuwapo yalilipwa kwa awamu tatu. Wafanyakazi ishirini na wawili walikuwa wameondoka katika miaka miwili iliyotangulia. Kati yao walipatikana tisa. Namba za simu nyingi hazikufanya kazi, na kampuni haikuwa na anwani zao nyingine.

Kati ya wafanyakazi thelathini na mmoja waliofanya mtihani ndani ya zamu, ishirini na wanne walifaulu mara ya kwanza. Saba waliobaki walipewa maelezo ya kozi kwa mdomo katika lugha wanayoizungumza jikoni, wakarudia, na wote wakafaulu isipokuwa wawili waliohitaji mara ya tatu. Katika vitendo hakuna aliyeshindwa na bilauri ya barafu; mpishi mkuu aliripoti kwamba waliokuwa wagumu kufundishika kuhusu vipimajoto walikuwa wasimamizi, ambao walikuwa wamezoea kukadiria kwa mkono.

Daftari la joto lilibadilika sura. Badala ya safu ya 63 zikaanza kuonekana 61, 58, 64, 57, na mbele ya namba mbaya maneno mafupi: “nimerudisha jikoni”, “mlango wa kabati haufungi”, “nimemwaga”. Mmiliki alipoona kurasa hizo mara ya kwanza alidhani hali imeharibika. Mshauri wa usalama wa chakula alimwonyesha kuwa hali ilikuwa hivyo tangu mwanzo, na kwamba mlango mbovu wa kabati, ambao sasa umetajwa mara kadhaa katika wiki moja, ndio uliokuwa chanzo cha nyuzi 51. Raba ya mlango ilibadilishwa. Ukaguzi wa marudio ulipita.

Si kila kitu kilikwenda vizuri. Gharama za mishahara zilipanda, na ili kuzifidia mmiliki alipunguza saa za usafi wa usiku katika matawi mawili, hatua ambayo katika jiko ni sawa na kuhamishia deni kwenye kona isiyoonekana. Ahadi ya kurudisha gharama nayo ilidumu hadi mfanyakazi mmoja alipoondoka katika wiki ya tano. Malipo yake ya mwisho yalikuwa ya saa 30, yaani 3,120. Akakatwa ada 300 na thamani ya saa nne za mafunzo 416, zikabaki 2,404. Ukigawanya kwa saa 30 ni vizio 80 na kidogo. Upungufu ule ule uliofukuzwa mlango wa kuingilia ulikuwa umerudi kupitia mlango wa kutokea. Ahadi hizo zilifutwa na yule mfanyakazi akalipwa.

Uchambuzi

*Kwa nini saini ya mfanyakazi haikutosha*

Utetezi wa kwanza wa kampuni ulikuwa kwamba kila kato lilikubaliwa kwa saini. Mkataba wa Ulinzi wa Mishahara wa Shirika la Kazi Duniani, namba 95 wa mwaka 1949, unalijibu hilo katika kifungu cha 8: makato huruhusiwa kwa masharti na kwa kiasi kilichowekwa na sheria za nchi, makubaliano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Saini ya mtu mmoja anayehitaji kazi haimo katika orodha hiyo, na kwa sababu nzuri, kwani mtu asiye na kazi husaini karibu chochote anachowekewa mbele.

Nchi mbalimbali zimefika mahali hapo kwa njia tofauti. Nchini Marekani kanuni za sheria ya viwango vya kazi ya mwaka 1938 zinadai mshahara wa chini umfikie mfanyakazi bila kurudishwa kwa mlango wa nyuma. Vifaa ambavyo mwajiri anavitaka kwa kazi yake haviwezi kumshusha mfanyakazi chini ya kima hicho. Nchini Uingereza makato kwa manufaa ya mwajiri, na sare ni mfano unaojulikana sana, huondolewa kwenye mshahara kabla ya kuupima na kima cha chini cha taifa. Mwajiri anayelipa juu kidogo tu ya kima cha chini ndiye aliye hatarini zaidi, kwa kuwa hana nafasi ya kukata hata shati moja.

*Kwa nini ukimya wa kanuni ya vyeti haukuwa ruhusa*

Meneja alisoma kanuni ya vyeti, akaona haisemi nani alipe, akahitimisha kwamba ni hiari ya mwajiri. Usomaji huo ni wa kawaida na unaeleweka, lakini unasahau kwamba sheria ya mshahara haikunyamaza. Ilisema kila saa ya kazi ilipwe. Swali basi ni kama kozi inayolazimishwa ni kazi.

Kanuni za shirikisho za Marekani zina kipimo chenye masharti manne: muda wa mafunzo hauhesabiwi kuwa kazi ikiwa tu ni nje ya saa za kawaida, kuhudhuria ni kwa hiari kwelikweli, kozi haihusiani moja kwa moja na kazi ya mtu huyo, na hafanyi kazi yoyote ya uzalishaji wakati huo. Masharti yote manne yatimie kwa pamoja. Ukiiweka kozi ya kisa chetu kwenye kipimo hicho inaanguka kwenye sharti la pili na la tatu mara moja. Umoja wa Ulaya umekuwa wazi zaidi: kifungu cha 13 cha Agizo namba 2019/1152 kinasema mafunzo ambayo mwajiri anabanwa na sheria kuyatoa yatolewe bila gharama kwa mfanyakazi, yahesabiwe kuwa muda wa kazi na, inapowezekana, yafanyike ndani ya saa za kazi.

Mfano ulio karibu kabisa na kisa hiki ni wa jimbo la California. Kwa miaka zaidi ya kumi jimbo hilo lilidai kadi ya mshika chakula ndani ya siku 30 tangu kuajiriwa, na kwa kawaida wafanyakazi wenyewe ndio waliolipia. Sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2024 iliwabebesha waajiri gharama ya kozi na mtihani, muda wa kusoma ukawa wa kulipwa, mfanyakazi akaondolewa kazi nyingine wakati anasoma, na mwajiri akakatazwa kuweka umiliki wa kadi kuwa sharti la kuajiriwa. Sharti la mwisho lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Likikosekana, mwajiri anaweza kukwepa yote kwa kuajiri tu walio na kadi tayari, na gharama inarudi kwa yule yule asiye na kazi.

*Mshahara kama sehemu ya usalama wa chakula*

Hapa ndipo kisa kinapofundisha zaidi, na ndipo wakaguzi wa aina mbili wanapopishana. Kanuni za jumla za usafi wa chakula za Codex Alimentarius, yaani mkusanyiko wa viwango vya kimataifa vya chakula, zilizopitishwa mwaka 1969 na kufanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2020, zinataka mafunzo yalingane na kazi ya mtu na matokeo yake yapimwe mara kwa mara. Kanuni ya Ulaya namba 852 ya mwaka 2004 nayo inataka washika chakula wasimamiwe na kuelekezwa au kufunzwa kwa kiwango kinachofaa shughuli zao. Zote mbili zinazungumzia uwezo wa mtu mbele ya chakula.

Kampuni ilinunua cheti, tena kwa fedha ya mfanyakazi. Mtu anayelipia kozi kwa fedha yake na usingizi wake ana kila sababu ya kuimaliza haraka iwezekanavyo, na ana sababu kubwa zaidi ya kutoshindwa. Mtihani unaoadhibu kushindwa kwa vizio 150 hauwezi kumwambia mwajiri nani haelewi, maana asiyeelewa ndiye wa kwanza kutafuta mtu wa kumfanyia. Ada ya kurudia ilipoondolewa, watu saba walishindwa hadharani, na ndipo kampuni ilipojua kwa mara ya kwanza nani alihitaji kusaidiwa na kwa lugha gani. Naona hilo kuwa faida kubwa kuliko malimbikizo yenyewe.

Daftari la joto linafuata mantiki hiyo hiyo. Aliyeandika 63 hakuwa mvivu. Alikuwa amejifunza kwamba namba mbaya huleta maswali na namba nzuri hailetei mtu chochote. Mafunzo yasiyolipwa na daftari la uongo ni tabia moja ya mahali pa kazi, ambapo karatasi ndiyo inayodaiwa na kazi iliyo nyuma yake haina mtu anayeilipia.

*Kilichoshindwa*

Daraja la vizio 112 lilirudisha tatizo kwa vazi jipya. Kwa kuwa lilitegemea cheti cha ngazi ya pili, miezi michache baadaye walionufaika walikuwa wahudumu wa mbele, ambao husoma kwa urahisi, huku mpishi mwenye mikono bora zaidi jikoni akibaki 104. Hofu ya mmiliki kuhusu upendeleo ilikuwa ya kweli, lakini ingetibiwa kwa kuandika vigezo vya vitendo na kuwa na wapimaji wawili. Kigezo kilicho rahisi kukagua kilishinda kigezo kilicho sahihi, na hilo hutokea hata pale ambapo watu wameshaumizwa nalo mara moja.

Kupunguza saa za usafi kulifanywa bila kuangalia kwanza gharama nyingine. Meneja alikuwa na takwimu zilizoonyesha kuwa nusu ya wafanyakazi wapya huondoka kabla ya mwezi wa nne, na kwamba kila anayeondoka huacha pengo la kuajiri na kufundisha upya. Hakuna aliyezitia takwimu hizo kwenye bajeti ya mabadiliko.

Bahashishi pia ziliachwa pembeni. Katika mazungumzo ya kwanza mhasibu aliuliza kama zingeweza kuhesabiwa ili kuziba pungufu ya wahudumu. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu hoteli na migahawa, namba 172 wa mwaka 1991, unasema katika kifungu cha 6 kwamba wafanyakazi walipwe ujira wa msingi kwa vipindi vya kawaida bila kujali bahashishi. Ipo mifumo inayofanya vinginevyo, na sheria ya shirikisho ya Marekani ndiyo maarufu: tangu mwaka 1991 mwajiri anaweza kumlipa mhudumu dola 2.13 kwa saa mradi bahashishi zimfikishe kwenye kima cha chini, ambacho tangu mwaka 2009 ni dola 7.25. Mhasibu aliambiwa kwamba sheria ya mahali hapo haina ruhusa hiyo, na hoja ikaishia hapo. Namna bahashishi zilivyogawanywa kati ya mbele na jikoni, ambalo lilikuwa lalamiko la zamani, haikuguswa.

Suala lililobaki wazi ni la waosha vyombo wawili wa usiku, walioletwa na wakala wa ajira na kwa hiyo hawakuhesabiwa kati ya wale thelathini na mmoja. Kwa maana ya kanuni ya vyeti wao pia ni washika chakula, kwani sahani na visu hupita mikononi mwao. Wakala alikuwa akiwakata ada ya usajili kila mwezi, kato la aina ambayo kifungu cha 9 cha Mkataba namba 95 kinalikataza pale linapolipwa kwa mwajiri au wakala ili mtu apate au abaki na kazi. Kampuni ilipoandika kuuliza kuhusu vyeti vyao, wakala alijibu kwamba mafunzo ni wajibu wa mwenye jiko. Kampuni nayo ilipoulizwa na mshauri kuhusu ada ile, ilijibu kwamba mshahara wao ni wajibu wa wakala. Mshauri wa ajira amependekeza masharti mawili yaingizwe kwenye mkataba wa huduma kati ya kampuni na wakala: waosha vyombo wafunzwe ndani ya zamu kwa gharama ya mwenye jiko, na wakala awasilishe kila mwezi nakala ya hati zao za malipo ili zilinganishwe na saa za mashine ya mlango wa nyuma. Wakala amekubali la kwanza.